Mzigo Uliokaa Juu

Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu niliponunua boti ya kuchezea, na sikumwomba mtu ruhusa. Niliipata kwenye soko la vitu vikuukuu kule Marolles, mtaa mmoja wa Brussels, kati ya taa zisizo na waya na vikombe visivyo na visahani: boti nyekundu ya fiberglasi, ndefu kama mkono wangu kutoka begani hadi kwenye vidole, yenye mota ya umeme ndani na kisanduku cha redio cha kuiongozea ukiwa umesimama nchi kavu. Muuzaji aliniuliza mtoto wangu ana miaka mingapi. Nikamwambia sina mtoto, boti ni yangu. Alinitazama kana kwamba nimemtukana, nami nikamtazama vilevile mpaka akaifunga kwenye gazeti.

Wenzangu wa Kivu hapa Brussels walipata habari kabla sijaizoea njia ya bwawani. Mwanamke mzima, anayelea wazee wa watu, anayeimba kwaya, kisha Jumapili mchana anakwenda kucheza na boti pamoja na wazungu wastaafu. Wengine walisema baridi imenipanda kichwani. Niliwaacha waseme. Sikuwaeleza sababu, kwa kuwa sababu yenyewe walikuwa wameshaisikia mara nyingi mezani, wakaicheka na kuomba wali zaidi.

Sababu ilikuwa baba yangu. Alikuwa nahodha wa boti ya mbao yenye mashine nyuma, iliyobeba watu na mizigo kwenye ziwa la kwetu, kati ya Uvira na Baraka. Nilipokuwa na miaka kumi na saba, boti yake ilipinduka alasiri moja ikikaribia Baraka. Mtumbwi wa wavuvi ulikatiza mbele yake, akakata kona ya ghafla kuukwepa, boti ikalala upande na haikuinuka. Watu sita hawakutoka majini. Baba alitoka. Wakubwa wa bandari walipomuuliza, alisema, "Nilikata kona vibaya," na hakuongeza neno mpaka homa ilipomchukua miaka minne baadaye. Hakushika usukani tena. Alishona viatu vya watu nyuma ya nyumba yetu, na watu walioleta viatu hawakukaa kuongea naye.

Mmoja wa wale sita alikuwa mdogo wake tonton. Sote tulimwita tonton, yaani mjomba, ingawa hakuwa ndugu wa yeyote kati yetu. Kule Uvira alikuwa mfanyabiashara wa chumvi. Huku Brussels alikuwa na duka la vyakula mtaa wa Ixelles, na hapakuwa na sherehe ya watu wetu iliyoanza kabla yeye hajasimama kusema mawili matatu. Katika mawili matatu hayo baba yangu hakukosa. Mara ya mwisho niliyovumilia ilikuwa kwenye ubatizo mmoja Saint-Gilles, mwaka 1998. Kijana wa nyumba hiyo alikuwa amepata leseni ya gari wiki ileile, tonton akamnyooshea kidole.

"Bon, uendeshe polepole, eh. Usifanye sawa ule papa wa Uvira. Alipendaka mbio, donc akauwa bantu."

Watu wakacheka, kijana naye akacheka. Tonton alijua nimeketi pale. Baada ya kusema akanisogezea sahani ya samaki, kwa adabu kabisa. Sikula. Nilikuwa na hasira, lakini chini ya hasira palikuwa na jambo baya zaidi. Mimi mwenyewe niliamini nusu. Baba alisema alikata kona vibaya, na sikuwahi kumsikia baba yangu akisema uongo.

Wiki chache baadaye nilikuwa nasukuma kiti cha magurudumu cha bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia. Siku za jua tulikuwa tunakwenda mpaka bwawa lililoko mwisho wa Anderlecht, pale nyumba zinapoisha na mashamba yanapoanza. Siku hiyo wanaume kama kumi walikuwa wamejipanga kwenye gati la mbao, kila mmoja na kisanduku chake tumboni, na mbele yao boti ndogo zilikuwa zinazunguka maboya ya rangi ya chungwa. Moja ilikuja kwa mbio za kutisha, imegusa maji kidogo tu kwa nyuma. Ilipofika kwenye boya iliinama kwa ndani, kama mwendesha baiskeli anavyoinama, ikageuka bila kupunguza mwendo, ikainuka, ikaenda zake.

Nilisimama pale mpaka bibi akaniuliza kama nimelala. Nilikuwa nafikiri jambo moja tu. Kama kitu chepesi hivi kinakata kona kwa mbio hizi na hakipinduki, basi si mbio zinazopindua boti. Kuna kingine. Nilitaka kukijua hicho kingine kwa mikono yangu mwenyewe, halafu nikamwekee tonton mezani, karibu na sahani yake ya samaki.

Wanaume wa gatini walikuwa na chama chenye kanuni, na kanuni kubwa ilikuwa ubao wa vibanio. Kila kisanduku cha redio kina masafa yake, na watu wawili wakitumia masafa yaleyale, boti zao zinachanganyikiwa. Kwa hiyo palikuwa na ubao wenye vibanio vya nguo, kila kimoja na namba, na hukuruhusiwa kuwasha redio kabla hujachukua kibanio chako na kukibana kwenye shati. Jumapili yangu ya kwanza katibu wa chama aliniambia kwa Kifaransa kitamu kwamba wanawake wanakaribishwa sana, kwa kawaida wanakuja na keki. Nikamwambia mimi nimekuja na boti. Akasema vibanio vimekwisha. Nikahesabu kwa sauti vilivyokuwa ubaoni, mbele ya watu wote, mpaka nikafika kwenye namba iliyoandikwa kwenye kisanduku changu. Akanipa.

Lazima niseme niliwatia aibu wazee wangu waliotangulia siku ile. Nyumbani nilikuwa nimeitengeneza boti kama nilivyofundishwa ziwani. Kwetu, boti ya mbao iliyojaa ikikata kona kulia, inalalia kushoto. Kwa hiyo baba kabla ya kugeuza alikuwa anapaaza sauti, na abiria wote wanajisogeza kulia kuizuia. Nilikuwa nimejua hilo kabla ya kujua kusoma. Na kwa kuwa pale bwawani kona zote zilikuwa za kulia, niligundisha vipande vizito vya risasi, vile vinavyotumiwa na wavuvi, kwenye ubavu wa kulia ndani ya boti. Nilijiona mjanja. Nilifikiri hawa wazungu wamecheza miaka yote hii bila kujua siri ya watu wa ziwa.

Boti iliondoka vizuri. Kwenye boya la kwanza nikageuza usukani, ikainama kulia, ikaendelea kuinama, ukingo wa kulia ukachimba maji, mkia ukaruka, na boti yangu ikaanguka kifudifudi. Feni yake ya nyuma, ile inayoisukuma majini, ikabaki inazunguka hewani. Walicheka wote isipokuwa mmoja. Katibu akaniambia nisubiri, atatuma mtu na mtumbwi kuiokota. Nikamwambia asijisumbue. Nikavua viatu, nikaingia kwenye kile kimtumbwi chao cha plastiki, nikapiga kasia mwenyewe kwenda na kurudi, wima, bila kukaa, kama watu wa kwetu wanavyofanya. Niliporudi walikuwa wameacha kucheka.

Yule mmoja ambaye hakucheka alikuwa mzee wa Kibelgiji, Mflamandi, aliyetengeneza tramu maisha yake yote, na nilimwita hivyo moyoni, Fundi wa Tramu. Hakuwa mtu mwema. Hakumsalimu mtu, alikula mkate wake amewapa wenzake mgongo, na hakukueleza jambo usilomuuliza. Lakini ukimuuliza swali sawasawa alikujibu sawasawa. Nilimuuliza kwa nini boti yangu imeanguka kwa ndani wakati kwetu boti zinaanguka kwa nje. Aliweka mkate chini. Akasema boti yenu kubwa inakaa ndani ya maji, hii inapanda juu ya maji. Inayokaa ndani inasukumwa nje na kona. Inayopanda juu inajilaza yenyewe kwa ndani, kwa umbo la tumbo lake, na ndivyo inavyotakiwa. Wewe umeipa uzito upande inakolala, umeizamisha mwenyewe. Kisha akarudi kwenye mkate wake.

Nilikwenda nyumbani nikabandua risasi zote kwa kisu cha jikoni.

Majira yote yale ya joto yalikuwa hivyo. Jumatatu hadi Jumamosi nilikuwa naogesha wazee wa watu na kuwalisha. Jioni nilijaza beseni la kuogea, naielesha boti ndani yake, nasogeza betri sentimita mbele, sentimita nyuma. Betri ndicho kitu kizito kuliko vyote. Niliisogeza mbele mno, pua ya boti ikachimba maji kwenye kona na mkia ukaja mbele kutazama. Niliirudisha nyuma mno, boti ikawa inarukaruka kama mbuzi hata kwenye njia iliyonyooka. Usukani wenyewe, kile kibamba cha nyuma, ulikuwa karibu mno na mwili wa boti, kwa hiyo kwenye mbio ulikuwa unavuta hewa badala ya kushika maji. Ukageuza, boti isisikie, kisha ikasikia yote kwa mara moja. Nikautengenezea mkono wa alumini wa kuusogeza nyuma kwa upana wa vidole viwili. Nikaunoa upande wa mbele kwa tupa mpaka ukawa kama kisu. Nikapunguza kiasi unachoweza kugeuka, maana nilikuwa nageuza kwa hasira, na boti haikupenda hasira yangu.

Mwisho kabisa vilikuja vibao viwili vya shaba nyuma, chini, kushoto na kulia, unavyovikunja kwa kidole kubadilisha jinsi boti inavyokaa. Feni ikizunguka upande mmoja, mwili wa boti unataka kuzungukia upande wa pili, na vibao ndivyo vinavyoutuliza. Nilivikunja na kuvikunjua mpaka kimoja kikakatika. Fundi wa Tramu alinipa kingine bila neno, akanionyesha kwa ukucha kiasi cha kukunja. Kilikuwa kiasi kidogo, unene wa karatasi ya daftari.

Jumapili moja mwezi wa nane nilibana kibanio changu kwenye blauzi, nikaipeleka boti kwa nguvu zote mpaka kwenye boya, nikageuza taratibu. Iliinama kwa ndani. Ilikaa hivyo, imeinama, imetulia kabisa, ikazunguka boya lote bila kutikisika, ikainuka na kunyooka. Nikafanya tena. Nikafanya mara kumi na mbili mpaka betri ikaisha. Nilicheka peke yangu pale gatini, nikajikuta nasema kwa sauti, kwa lugha yetu, "Unaona, papa, mbio haina kosa." Katibu aliuliza nimesema nini. Nikamwambia si yake.

Furaha hiyo ilidumu muda wa kukunja mwavuli. Fundi wa Tramu alikuja akasimama karibu nami na kwa mara ya kwanza aliuliza yeye. Nilikuwa nimeshamsimulia habari za ajali ya baba. Aliniuliza boti za ziwani zinapakiwaje. Nilijibu kwa majivuno, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Magunia yote sakafuni, nikamwambia, chini kabisa, halafu mbao, halafu watu juu ya mbao. Akatikisa kichwa kuonyesha ni sawa. Boti kama hiyo, akasema, ukiikatia kona kwa mwendo wake, italala kidogo na kuinuka. Haipinduki. Akaniuliza siku ile magunia yalikuwa wapi.

Nikamwambia magunia ya chumvi yalikuwa juu. Akauliza nani alipakia.

Nilifunga boti yangu kwenye taulo nikaondoka. Kwa wiki tatu sikukanyaga bwawani.

Siku ile ufukoni Uvira, abiria walikuwa wameshakaa. Baba alikuwa anabishana na muuza mafuta. Tonton akaja amechelewa na mkokoteni wenye magunia kumi na moja ya chumvi, mdogo wake akisukuma nyuma, na akataka yaondoke asubuhi hiyohiyo. Kuyapanga sakafuni kungetaka kuwashusha watu wote na mizigo yao, na upepo wa ziwani haukawii kuamka. Tonton alisimama juu yangu na saa yake. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikataka kuonekana mwepesi. Niliyapanga juu ya mbao katikati ya abiria, tabaka mbili, nikayafunga kamba. Kwetu kuna desturi: mpakiaji akimaliza, anampa nahodha kamba ya mbele mkononi na kusema "iko sawa," na nahodha akiipokea, mzigo umekuwa wake, hata litokee nini. Baba alikuja. Aliyatazama magunia. Akanitazama mimi. Nikampa kamba nikasema, "Iko sawa, papa." Akaipokea.

Haya yote sikuwa nimeyasahau. Nilikuwa nayakumbuka kama mtu anavyokumbuka rangi ya mlango wa nyumba yao, bila kuufungua. Sasa nilifahamu kwa nini alisema yale maneno na hakuongeza. Baba alijua. Miaka minne alishona viatu vya watu wasiotaka kuongea naye, binti yake akimpelekea chai asubuhi na jioni, na hakunitazama hata siku moja kwa jicho lile alilonitazama nalo ufukoni. Nililia sana wiki zile, nikiwa kazini, nikiwa kwenye metro, bila kujificha. Nilijilaumu na nikamkasirikia yeye pia, kwa kunifanyia wema ambao sikuuomba na ambao ulimmaliza.

Ningeweza kunyamaza. Hapana mtu ambaye angejua. Fundi wa Tramu alikuwa hasemi hata na mke wake. Lakini nilipofikiria ubatizo unaofuata, na samaki, na kile kidole cha tonton, shingo yangu ilikataa. Nikampigia simu dukani kwake nikamwambia aje bwawani Jumapili saa tisa. Nadhani alikuja kwa udadisi. Alikuja na suti yake ya kanisani na viatu vinavyong'aa, akasimama mbali na matope.

Sikumwonyesha mbio kwanza. Nilichukua risasi zangu, nikazilaza sakafuni mwa boti, juu ya mkuku wenyewe, mpaka boti ikakaa chini majini kama ile yetu inapojaa. Nikaipeleka kwa mwendo wa nusu, nikageuza usukani wote kulia kwa mara moja, kama mtu anayekwepa mtumbwi. Ililala kushoto, ikasitasita, ikainuka. Nikairudisha. Nikatoa risasi zilezile mbele ya macho yake, nikazihesabu, nikazifunga juu ya sitaha kwa utepe wa gundi. Mwendo uleule wa nusu. Usukani uleule. Ililala kushoto na haikuinuka.

Tonton alitazama tumbo jekundu la boti likielea. Alisema kile nilichojua atasema, kwamba ile ni kitu ya kuchezea. Nikamwambia aiokote mwenyewe, aifunge mwenyewe, ageuze mwenyewe. Alikataa, kisha akakubali. Fundi wa Tramu alimbania kibanio kwenye kola ya suti. Tonton aliipindua mara mbili kwa mikono yake, mara ya pili kwa mwendo wa polepole kabisa, mwendo wa bata. Halafu akanirudishia kisanduku.

"Chumvi yangu," akasema.

"Chumvi yako, tonton. Ulichelewa kuileta, na miye njo niliipanga juu. Nikamupa papa kamba, nikamuambia iko sawa. Tuko wawili."

Alikaa kwenye benchi lililolowa, akasahau kulifuta maji. Nilimwonea huruma, na sikutaka kumwonea. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu mwenye busara anayekutakia mema. Akanishauri tuyaache palepale. Papa yangu amekufa, akasema, haiwezi kumuuma tena, na mimi niko na maisha yangu hapa, wale waliokufa wana ndugu zao humu mjini, kwa nini nijitie mdomoni mwa watu. Hatasimulia tena kisa kile. Aliapa kwa jina la mdogo wake.

"Alors, tunyamaze, mutoto. Siye wawili. Kwisha."

"Hapana, tonton. Papa alinyamaza ya kutosha. Utaisema vile ilikuwa, ao nitaisema miye."

Aliinuka, akavuta koti lake, akaenda kupanda metro bila kuniaga. Fundi wa Tramu aliniuliza kama nitaendelea kutumia masafa au arudishe kibanio ubaoni. Nikamwambia nitaendelea. Niliondoa risasi, nikairudisha betri mahali pake, na nikakata kona kwa mbio zote mpaka saa kumi na moja.

Sherehe iliyofuata ilikuwa harusi, kwenye ukumbi wa parokia moja Anderlecht. Tonton alisimama kama kawaida kusema mawili matatu. Aliwatakia maharusi heri, akawashauri wapendane, akasita, akanitazama kule nilikokaa na wanakwaya. Kisha akaketi. Watu walidhani amechoka. Akina maman wakaanza kugawa chakula.

Nikasimama. Nilikuwa na gauni la sare ya kwaya. Nilisema kwamba kisa cha boti ya Baraka wamekisikia miaka mingi bila kichwa chake, na leo nitawapa kichwa. Nikawaeleza magunia yalikuwa mangapi na yalikaa wapi, nani aliyaleta kwa kuchelewa, na nani aliyapanga. Nikawaeleza kamba. Sikusema nilikuwa mtoto, ingawa nilikuwa karibu mtoto. Tonton alikuwa ameinamisha kichwa. Mtu mmoja alimuuliza kama ni kweli, akasema ni kweli.

Mezani kwetu alikuwepo mwanamke ambaye mama yake alikuwa mmoja wa wale sita. Tulikuwa tumeimba sauti moja, bega kwa bega, miaka miwili. Alichukua sahani yake, akahamia meza nyingine, na tangu siku ile hajanisemesha. Ana haki. Wengine waliniambia nimeharibu harusi ya watu, na hilo pia ni kweli. Bwana harusi mwenyewe alinifanyia ishara nikae.

Sikukaa. Nilikuwa bado sijamaliza. Katika miaka yote ile, kila aliyesimulia alisema tu ule papa wa Uvira, na watoto waliozaliwa huku walimjua hivyo, mtu asiye na jina aliyependa mbio. Nikasema alikuwa nahodha miaka ishirini na mbili na alikata kona vizuri. Kisha nikataja jina la baba yangu, lote, la ubatizo na la ukoo, nikalitaja tena kwa sauti kubwa zaidi ili waliokuwa jikoni nao walisikie.